Diski Iliyolala Kwenye Mbegu

Kesho yake baada ya misa ya kumbukumbu ya baba, mama aliniita chumbani kwake, akavuta chungu kilichokuwa chini ya kitanda, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikijua chungu kile. Nyumbani kwetu Mugoma, maharage ya kula hukaa kwenye gunia jikoni na kila mwenye njaa anajichotea. Ya mbegu ni habari nyingine. Huchanganywa na majivu yaliyochekechwa ili wadudu wasiyatoboe, huwekwa chumbani kwa mwenye nyumba, na hata mgeni akilala njaa hayaguswi. Mkono wa mama ulitoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Akakipuliza, majivu yakanirukia usoni.

“Chukua,” akasema. “Sasa tunaweza kumsikia.”

Ilikuwa diski yangu ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB, ambayo ndani yake kulikuwa na harusi ya mdogo wangu wa kike. Mpiga video alitumwagia humo picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera, akaahidi kuja kuzikata na kuzipanga vizuri, kisha akahamia mbali, na kazi yetu akaifuta kwake ili apate nafasi ya harusi za wengine. Baba alisema tusiitazame mpaka bwana na bibi harusi warudi kututembelea, tukae wote. Kabla hawajarudi akaugua. Alipofariki mama aliichukua diski, akakataa kuitoa. Mtu hatazami harusi ndani ya msiba, alisema, na mimi sikubishana naye. Nilidhani ameiweka kabatini.

Mimi ni kifungua mimba wa nyumba ile, na sijaolewa. Nina kibanda Lusahunga, pale njia panda, ambapo malori ya kwenda na kutoka Rusumo mpakani hupumzika. Ninachapa barua, ninatoa kopi, na zaidi ya yote ninawajazia madereva nyimbo kwenye flashi zao. Kila flashi huja na virusi vyake kutoka bandarini, na baada ya kompyuta yangu kufa mara kadhaa, mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwa akipita aliniwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Tangu hapo virusi vya madereva havina la kufanya kwangu. Nilijifunza kuandika amri kwenye dirisha lake jeusi, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mapenzi. Sina subira na watu, lakini na mashine ninayo.

Baba hakuelewa kazi yangu wala hakujifanya anaielewa. Alikuwa mtu wa kahawa na migomba, na maneno aliyatoa kama chumvi wakati wa uhaba. Nikifika nyumbani alikuwa akiniuliza, “Barabara ikoje?” na mimi ningejibu, “Nzuri,” basi, mazungumzo yamekwisha. Sikumbuki siku aliyonisifia kitu. Wala kunigombeza, ukiniuliza vizuri. Nilikua nikidhani nimepita machoni pake kama mtu anavyopita dirishani.

Ndiyo maana harusi ile ilinikaa kooni. Umeme ulikatika asubuhi, tukakodi jenereta, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa mitambo, nikapelekwa nyuma ya migomba kuilinda isizime. Ilikuwa mbovu, inataka mtu aishike kabureta kama mtoto anayeshikwa pua anyweshwe dawa. Baba aliposimama kuongea, mimi nilisikia injini tu. Jioni watu wakaanza kunijia. “Leo baba yako kakusema!” Shangazi akaapa kwamba baba alisema mimi ndiye nguzo ya nyumba yake. Baba mdogo akasema hapana, ulikuwa utani tu, eti nimeolewa na kompyuta na mahari bado hajaiona. Mama alisema alikuwa analia wakati ule, hakusikia sawasawa. Nikamwendea baba mwenyewe, nikamuuliza alisema nini.

“Utaona kwenye video,” akanijibu, akaendelea kufungua viatu.

Tangu alipozikwa sikuwa na haja nyingine kubwa katika dunia hii. Nilitaka kusikia baba alisema nini juu yangu.

Basi tukaenda Lusahunga mimi na mama. Alikataa kubaki nyumbani. Alisema kitu alichokilinda muda wote ule hawezi kukikabidhi barabarani kwa mtu mwenye haraka kama mimi. Alibeba diski kifuani na mfuko wa mbegu begani, maana ilibidi azichambue kabla ya kupanda. Akakaa kwenye kigoda kibandani kwangu, ungo mapajani, akawa anatupa yaliyooza chini karibu na miguu ya wateja.

“Shikamoo mama,” madereva walimsalimia.

“Marahaba. Mnatoka mbari?”

“Dar es Salaam, mama.”

“Poreni,” aliwajibu kwa Kiswahili chake kisicho na ‘l’, kisha akarudi kwenye ungo.

Nilichomeka diski. Taa yake ikawaka, Linux ikaitambua, orodha ya mafaili ikatokea. Nikaanza kunakili. Haikufika mbali. Ndani ya diski kukasikika ka, ka, ka, kama kuku anayedonoa bati, na kila kitu kikaganda. Nikachomoa, nikachomeka tena. Ikaamka, ikasoma kidogo, ikaganda. Nilipoichomoa safari iliyofuata, vumbi la kijivu likamwagika kutoka kwenye tundu la waya juu ya meza.

Nililiangalia vumbi lile. Nililijua kabla sijaligusa.

“Mama,” nikasema, “kule kwenye chungu, uliifunga hivyo hivyo kwa kitenge tu?”

“Kitenge na majivu,” akasema, na uso wake ukachangamka. “Mengi. Nilichekecha mwenyewe. Hata panya hakusogea. Mbegu zimetoka safi, hebu tazama,” akainua kiganja kilichojaa maharage mekundu yasiyo na tundu hata moja.

Nifanyeje? Alikuwa amekiweka kitu cha thamani mahali pa thamani kuliko pote anapopajua. Kwa miaka yote ya maisha yake, kilichoingia kwenye majivu yale kilitoka kikiwa hai. Nikasema, “Kweli, ni safi,” nikachukua brashi ya kucha nikaanza kusafisha tundu, nikiwa nimempa mgongo ili asinione uso.

Sijui mpaka leo kama ni majivu yaliyoiua, au unyevu wa chungu, au ni uzee wake tu. Lakini tundu la waya lilikuwa limelegea, na kila nilipochomoa na kuchomeka lilizidi kulegea. Nikaona nikiendelea hivi litang'oka kabisa. Nikaufunga waya kwa utepe wa gundi usitikisike, nikaapa sitaugusa tena. Kuanzia hapo, kama ni kuizima na kuiwasha, itazimwa na kuwashwa kwa amri.

Linux ina njia ya adabu ya kuzima diski. Unaiambia ikamilishe ilichokuwa inakifanya, iage, umeme wake ukatwe. Shida ni kwamba ikilala kwa njia hiyo haiamki mpaka uchomoe waya, na waya ndio nilioapa kutougusa. Njia ya pili ni kukata umeme wa tundu lenyewe kwa amri na kuurudisha kwa amri. Kwenye kompyuta yangu haikufaa. Nikiamuru tundu lizime, linajibu limezima, na huku taa ya diski inawaka inanitazama. Lilikuwa linaniongopea mchana kweupe. Nikakumbuka kile kipande cha kugawa tundu moja la USB kuwa manne, ambacho dereva mmoja aliniachia kama shukrani ya nyimbo, nami nilikuwa nakitumia kuchajia simu za watu. Nikakijaribu. Nikaandika amri ya kuzima, taa ikazima. Nikaandika amri ya kuwasha, ikawaka. Nilipiga kelele mpaka muuza chipsi jirani akachungulia.

Nikaandika programu fupi. Kazi yake ilikuwa hii: nakili faili, kumbuka ulipofika, diski ikiganda, kata umeme wa tundu lake, iache ipumzike, rudisha umeme, endelea pale ulipoishia. Kulikuwa na uhuni mmoja. Kila ikiamka, Linux iliipa jina jingine kana kwamba haijapata kuiona, ikabidi nifundishe programu iitafute kwa namba yake ya kiwandani, ambayo haibadiliki. Baada ya hapo ikaenda yenyewe. Taa inawaka, inacheza kidogo, inaganda. Inazima. Kimya. Inawaka tena.

Mama alikuwa ameacha kuchambua.

“Mbona unaizima kila mara?”

“Inachoka, mama. Ikipumzika kidogo inaamka na kutoa kidogo.”

 Akaitazama ile taa, kisha akafungua khanga yake ya pili, akaikunja, akanyanyua kile kipande cha matundu pamoja na diski taratibu kama anayenyanyua kichwa cha mtu, akakilaza juu ya khanga. Lori likipita barabarani meza yangu hutetemeka. Alikuwa ameliona hilo, mimi sikuliona.

“Hata baba yako mwishoni alikuwa hivi,” akasema.

Nilikuwepo hospitalini siku chache tu. Siku nyingi alikuwepo yeye. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Baba alikuwa akifumbua macho, anasema maneno mawili matatu, analala. Ndugu wakifika walimtikisa. Walitaka awatambue, aseme jina la kila mmoja, aseme shamba la bondeni ni la nani. Walimwamsha mno. Kila akiamshwa alitoa kidogo kuliko mwanzo. Mama alikuwa akitaka kuwafukuza, lakini ni mashemeji zake, angewafukuza vipi? Alikaa pale na bakuli la uji akiwatazama wanavyommaliza.

“Iongezee usingizi,” akasema. “Unaiamsha mapema.”

Nikafungua programu nikaongeza muda wa mapumziko. Siwezi kusema ni kwa sababu za kitaalamu. Niliongeza kwa sababu sauti ya mama ilikuwa imebadilika.

Mafaili yalitoka kwa mpangilio wa siku yenyewe. Kwanza kanisani. Mdogo wangu na shela lake, padre, kwaya. Tulimwona baba kwa nyuma tu, shingo yake na kola ya koti aliloazima kwa baba mdogo. Mama akasema, “Kumbe lilimbana hivyo,” akaweka kidole kwenye kioo, palepale mgongoni. Nikataka kumwambia kioo hakiguswi. Nikamwacha aguse. Kisha maandamano ya kurudi nyumbani, vumbi, vigelegele, watoto wanaorukaruka mbele ya kamera. Kisha kipande kirefu cha watu wakila. Baada ya hicho lilibaki faili moja, la mwisho, nalo ndilo la hotuba. Nilijua kwa saa iliyoandikwa juu yake.

Diski ilianza kuchelewa kuamka. Ilikuwa ikipewa umeme, taa inajifikiria, ndipo inawaka. Wateja walikuja, nikawafukuza. Dereva mmoja niliyemzoea akauliza, “Dada, kuna msiba?” nikamjibu vibaya, akaondoka na flashi yake tupu. Kile kipande cha watu wakila kilitoka chote, isipokuwa katikati palikuwa na madoa ya kijani. Hotuba ikaanza kunakiliwa. Kidogo sana. Ikaganda. Ikazimwa.

Tukiwa tunangoja, mama akasema tuangalie wanavyokula.

Sikuwa na hamu. Nani anataka kutazama watu wakitafuna? Nilifungua ili nimridhishe. Kamera ilikuwa imewekwa mezani na mpiga video naye akaenda kula, kwa hiyo ilitazama sehemu moja tu: sahani, mikono, tumbo la mjomba. Sauti za vijiko. Mbali, kwa nyuma, injini yangu. Mama akacheka kidogo alipoiona mikono yake mwenyewe ikipita na sinia.

Ndipo baba akasema. Hakuonekana. Alikuwa pembeni ya kamera, karibu sana nayo, maana sauti ilitoka nzito na wazi kuliko zote. Alisema kwa Kihangaza chetu, nami maneno yake nayaandika kwa Kiswahili.

“Yule wa jenereta amepelekewa chakula?”

Sauti ya mwanamke ikajibu kwamba atakula baadaye, wageni kwanza.

“Hapana. Mpelekee sasa hivi, na funika kwa sahani nyingine, kule kuna vumbi. Yule akisahauliwa hasemi.”

Basi. Kijiko kikagonga sahani, mjomba akaomba soda.

Nilikuwa nimeshika kingo za meza. Ile sahani niliikumbuka. Ndizi na nyama ya mbuzi, imefunikwa kwa sahani ya pili, imeletwa na jirani yetu mmoja aliyeiweka juu ya gogo na kuondoka. Nilikula nimesimama, nimenuna, nikidhani ni huruma ya watu wa jikoni. Nikalia mbele ya mama yangu kama sikuwahi kulia msibani. Mtu niliyedhani hanioni alikuwa amenitazama tangu utoto mpaka akajua hata namna ninavyonyamaza. Kwa nini hakuniambia, mzee yule? Kwa nini aliniuliza habari za barabara? Nilimlilia na nilimkasirikia, yote kwa pamoja.

Mama hakunibembeleza. Alikuwa ameinamia spika, anasubiri aseme tena. Hakusema tena.

Nilipofuta macho nikaona taa haijawaka. Programu ilikuwa inaendelea na kazi yake: inakata umeme, inasubiri, inarudisha, inaitafuta diski kwa namba yake, haioni kitu, inakata tena. Nikaweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa haitetemeki. Nikaisimamisha programu, nikaandika amri kwa mkono mwenyewe. Zima. Washa. Zima, ngoja zaidi. Washa. Safari moja taa ilimulika mara moja, nikapaza sauti, “Njoo! Njoo!” ikapotea. Hotuba ilikuwa ndani mle. Maneno yake juu yangu, mbele ya watu wote, yalikuwa ndani ya kile kisanduku kilicho juu ya khanga, umbali wa mkono wangu. Nikaandika tena. Zima. Washa.

“Mwache,” mama akasema.

“Bado, mama. Hotuba bado.”

“Nimesikia. Tulimwamsha mno hospitalini, mama.” Ananiitaga mama anapoumia. “Mara hii mwache alale.”

Vidole vyangu vilikuwa tayari vimeandika amri ya kuwasha. Nilikuwa sijabonyeza. Nilimtazama akiwa kwenye kigoda, ungo umeteleza, mbegu zimemwagika kwenye sakafu yangu na hajaziokota, yeye asiyekubali hata punje moja ya mbegu ipotee. Nikafuta nilichoandika. Nikaandika ya kuzima, nikabonyeza. Taa ilikuwa imeshazima zamani, hakuna kilichobadilika, lakini mama alishusha pumzi.

Nisijifanye mtakatifu. Bado naitaka ile hotuba. Wapo mafundi Mwanza, na wapo Dar es Salaam, wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, na dereva aliyeniletea kile kipande cha USB alisema angeipeleka bure. Shangazi bado anaapa ni nguzo, baba mdogo bado anaapa ni utani. Nina sentensi zile chache, nimezihifadhi mahali pengi sasa, na kuna siku zinanitosha na kuna siku hazinitoshi kabisa.

Asubuhi mama alipokuwa anafunga mizigo kurudi Mugoma, kwa maana mvua zilikuwa zimekaribia, aliniomba diski. Niliufungua ule utepe wa gundi kwenye waya. Akaipangusa kwa khanga, akaiviringisha kwenye kile kile kitenge, akafungua mfuko wa mbegu, ambao bado ulikuwa na majivu, na kuisukuma ndani, katikati, mahali penye joto. Kisha akasita, akanitazama.

“Wewe ndiye unayejua hivi vitu. Haya majivu hayatamdhuru?”

“Hapana, mama,” nikasema. “Hayamdhuru.”

Akafunga mfuko.